Haipa, Haipo na Bi Vipande

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu. Matroni wetu mpendwa. Madaktari, wauguzi na wafamasia. Ndugu zangu makarani, wahudumu, madereva, wapishi na walinzi. Wanafunzi wote wa darasa la Jumatano. Binti wa Mwalimu pamoja na wajukuu. Mabibi na mabwana, nawasalimu.

Kama kuna cheo nimekiruka, au kuna mkubwa nimemweka nyuma ya mdogo wake, naomba radhi mapema. Karatasi aliyonipa mshereheshaji ina mishale mitatu na vyeo viwili vilivyofutwa, maana Mgeni Rasmi alipata udhuru akamtuma mwakilishi, na mwakilishi naye akapata udhuru akamtuma huyu mheshimiwa aliyeketi hapa mbele, kwa hiyo sijui kama nimwite mwakilishi au mwakilishi wa mwakilishi. Karibu sana, mheshimiwa, vyovyote ulivyo.

Na wewe, Mwalimu. Nimekuweka mwisho kwa makusudi. Shikamoo.

Kwa miaka kumi na miwili marahaba yako ilikuwa inafika kabla shikamoo yangu haijakamilika, tena ikiwa na swali nyuma yake: umekula, umelala, umefanya mazoezi niliyokupa? Leo nimengoja kidogo, na haikuja. Basi tuendelee.

Kwa wasionijua, mimi ni karani wa masjala. Ile harufu ya karatasi za zamani mnayoisikia nikipita ni yangu. Hospitali nzima inaniita Bwana Haipati, na jina hilo nitalieleza, kwa sababu limo ndani ya shughuli iliyotukusanya. Huyu tunayemuaga ni muuguzi mwalimu, amefundisha wauguzi kwa miaka ishirini na tisa, na hakuna hapa asiyemjua kwa jina la Bi Vipande. Sasa, kwa nini nimechaguliwa kusema mimi, wakati Matroni ana sauti na daktari wa meno ana Kiswahili cha redioni? Mimi niliyefeli mtihani wa Bi Vipande mara tatu? Niliuliza. Nikaambiwa binti yake ndiye aliyetaka. Nikamwuliza binti, akasema, "Mama alikuonyesha kwa kidole kwenye picha ya darasa." Kwenye picha hiyo nyuma yangu kasimama mlinzi wa geti, bega lake limegusa sikio langu. Je, Mwalimu alinionyesha mimi au alimwonyesha mlinzi? Hilo sijui mpaka leo, na mlinzi naye hajui, ndiyo maana amekuja na tai.

Ndugu wageni waalikwa, wenzangu waliotangulia wamelizunguka jambo moja kwa adabu, kama mtu anavyozunguka dimbwi akiwa na viatu vipya. Mimi viatu vyangu ni vya zamani, nitakanyaga. Tunamuaga mtu ambaye hatujui kama anatusikia. Miezi mitano iliyopita Mwalimu alipata kiharusi akiwa ubaoni, chaki mkononi, na tangu siku hiyo hajasema neno. Mkono wa kulia umelala mapajani, wa kushoto ameukunja, macho yanatutazama. Yanatuona sisi, au yanaona ukuta? Na liko jambo linalongoja jibu lake. Chumba chake cha Jumatano, kuanzia keshokutwa Jumatatu, kitakuwa stoo ya magodoro. Mganga Mfawidhi alisema kwa haki kabisa: darasa ni la Mwalimu, akituonyesha kwa namna yoyote kwamba anataka liendelee, yupo muuguzi kijana wa kulishika, asipoonyesha, tusimsumbue. Kila aliyekwenda kumwuliza amerudi hajui amejibiwa nini. Mimi ni mmoja wao.

Sasa niwarudishe nyuma miaka kumi na miwili, na kaka yangu anisamehe. Kaka, inua mkono. Yule pale safu ya tatu, mwenye koti, fundi seremala, ndiye kaka yangu mkubwa. Wakati huo figo zake zilikuwa zimechoka, akalazwa wodi ya wanaume. Daktari akaandika kwenye faili lake neno refu. Kazi yangu ni kubeba mafaili, kuyasoma si kazi yangu. Lakini faili la ndugu yako wa tumbo moja likikupitia mkononi, utafumba macho? Nikafungua. Neno lilikuwa haipakalemia.

Nikamwonyesha mzee wa kufua mashuka, maana alikuwa karibu. Akalitazama sana, akasema, "Hiyo ni dawa ya kumeza. Ndiyo maana wameandika haipakwi." Nikaona huyu hana elimu, neno hili linamtaka msomi. Nikalikata kwa akili yangu mwenyewe. Nikasema: "hai" hiyo naijua, ni kukanusha. Haifai, haiji, haipendezi. "Haipa", hapo daktari kaandika kwa haraka, kusudio lake ni haipati. Na mlangoni nilikuwa nimemsikia akitaja madini ya potasiamu. Haya, figo haipati potasiamu! Mbona rahisi? Nilijiuliza kwa nini watu wanakaa chuoni miaka saba.

Nikamwendea mfamasia, nikamwuliza kwa mbali kama mtu asiye na shida, potasiamu inapatikana wapi. Akanitajia ndizi, machungwa, parachichi, nyanya. Nikakusanya familia nje ya wodi, nikawatangazia ugonjwa na tiba. Shemeji yangu, mke wa kaka, akaniuliza taratibu, "Una hakika, shemeji?" Nikamjibu, "Shemeji, mimi nakaa na mafaili. Wewe unakaa na nani?" Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu huu uliopewa kipaza sauti leo.

Kwa siku tatu tukamlisha kaka ndizi. Kabati la kando ya kitanda likawa genge. Dada zangu wakaleta machungwa kwa kapu, jirani akaleta parachichi. Siku ya tatu asubuhi kaka akaniambia, "Mdogo wangu, miguu imekuwa mizito, na moyo nausikia unaenda kwa kuchechemea." Nikamwambia, "Ongeza moja."

Nalisema hili mbele yenu, miaka kumi na miwili baadaye.

Adhuhuri ya siku hiyo Mwalimu alipita na wanafunzi wake. Akaona maganda. Akasimama. "Hizi ndizi ni za nani?" Kaka yangu, kwa fahari, akajibu, "Ni dawa, Sista. Ameagiza mdogo wangu wa masjala." Mwalimu akasogea kitandani. Akamshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, halafu akakimbia. Nyie mliosoma kwake mnajua alivyokuwa akisema: muuguzi hakimbii, akikimbia wagonjwa watadhani kuna moto. Siku hiyo alikimbia ukumbi mzima, kofia ikaanguka, hakuiokota. Madaktari wakaja, sindano zikaja, mashine ya moyo ikasukumwa mpaka gurudumu moja likang'oka. Ilipofika saa kumi na moja jioni kaka yangu akaomba maji. Tangu siku hiyo hajala ndizi, na hata ukimpitishia ganda anakuangalia vibaya.

Kesho yake Mwalimu akaja masjala. Nilijua amekuja na mlinzi. Nikaanza kukusanya kikombe changu na kandambili zangu. Kumbe alikuja peke yake, akasimama kwenye dirisha la kupokelea mafaili.

"Ni wewe uliyeagiza ndizi?"

"Ni mimi, Sista."

"Ulisoma nini?"

"Haipati potasiamu."

"Niandikie ulichosoma." Nikaandika. Akakisoma kikaratasi. "Na ukikuta haipo? Haipoglaisemia. Utaisomaje?"

"Haipo, Sista. Maana yake haipo. Hakuna."

"Hiyo umeikaribia. Hiyo ni sukari kupungua kwenye damu. Ya kaka yako ilikuwa potasiamu kuzidi." Akanitazama. "Kwa hiyo kwako wewe haipa ni upungufu, na haipo ni upungufu?"

"Sista, si zote zinaanza na hai?"

Mwalimu akaingia ndani, akakaa juu ya rundo la mafaili ya waliokwisha ruhusiwa. Akasema, kama anayeongea na nafsi yake, "Miaka kumi na saba nafundisha haipa imezidi, haipo imepungua. Na kila anayenisikiliza, akishasikia hai, moyo wake umeshakanusha."

Hakunifokea. Heri angenifokea. Alitoa taarifa, kama ilivyompasa, nami nikapewa onyo la maandishi, nalo nilistahili. Lakini wiki ile ile akaenda kwa Mganga Mfawidhi wa wakati ule akadai chumba. Akasema, "Hospitali hii imejaa watu wanaobeba maneno wasiyoyajua. Anayebeba faili, anayebeba chakula cha mgonjwa, anayebeba mgonjwa mwenyewe. Nipeni Jumatano saa nane mchana." Wakampa chumba kilichokuwa na mizani mibovu, na mizani hiyo haikuondolewa, tuliikalia.

Kadi zake alizikata kutoka maboksi ya dawa, akaziandika kwa kalamu ya wino mzito, akazitunza kwenye boksi la glavu. Siku ya kwanza tulitegemea makubwa, tumevaa vizuri, kila mtu na daftari. Akaweka mezani kadi nne: NI, NA, WA, SIKIA. Akasema, "Someni."

Tukasoma, "Ninawasikia."

"Toeni NI, wekeni A."

"Anawasikia."

"Toeni NA, wekeni LI."

"Aliwasikia."

"Nani aliwafundisha?" Tukatazamana. Hakuna aliyekumbuka kufundishwa. Akasema, "Basi asinijie mtu hapa na kuniambia hajui kujenga maneno. Mmeyajenga tangu mko mgongoni mwa mama zenu. Madaktari nao wana vipande vyao, tofauti ni kwamba wao vyao wamevitoa mbali."

Ndipo akatupa vipande vya mbali. Aitisi, uvimbe unaowaka. Ektomi, kukata na kuondoa. Skopi, kuchungulia. Emia, damu. Tulifurahi kama watoto waliopewa nyundo. Mpishi akasema anayefunua sufuria yake bila ruhusa anafanya sufuriaskopi. Dereva wa gari la wagonjwa akasimulia jinsi askari wa barabarani alivyomfanyia lesenektomi. Mimi nikanyoosha mkono, nikasema, "Mwalimu, anemia hiyo naijua. Ni kitenzi. Leo anemia, jana alinemia, kesho atanemia." Darasa likacheka mpaka mizani ikasoma kilo. Mwalimu akafuta machozi, akasema, "Bwana Haipati, umekata pasipokatika. Kata baada ya AN. An, bila. Emia, damu. Kwenu A ni mtu anayetenda. Huku A ni kitu kinachokosekana." Nikaandika. Nilichanganyikiwa zaidi kuliko nilivyoingia.

Kwa ajili yangu, na nasema hivi bila kujisifu, alikata kadi tatu za pekee. Kichwa kimoja kimeandikwa HAI, na mikia miwili, PA na PO. Akasema, "Kichwa kisikudanganye, ni kile kile. Tazama mkia. PA, kumbuka kupaa: imepaa, imezidi. PO, haipo ya kutosha: imepungua. Herufi moja, bwana. Herufi moja ilitaka kumzika kaka yako."

Na alikuwa na sheria moja aliyoiandika juu ya ubao na kukataza isifutwe: usitafsiri kabla vipande vyote havijawa mezani. Mitihani yake ilikuwa hiyo hiyo. Anakupangia kadi, unazisoma, unajibu kwa mbwembwe, kumbe kadi moja ameificha kiganjani. Mara ya kwanza aliniwekea TENSHENI. Nikasema, "Presha hiyo, Mwalimu!" Akauliza, "Ya kupanda au ya kushuka?" Nikasema ya kupanda. Akasema, "Umejuaje?" akafungua mkono, humo mna HAI na PO. Aliyefaulu mtihani ule hakuwa yule aliyejibu haraka. Alikuwa yule aliyeuliza kwanza, "Mwalimu, kuna kipande kingine?" Mara tatu nilifanya mtihani, mara tatu sikuuliza. Naona mtu wa famasia anacheka. Wewe ulifeli mara mbili, kaa kimya.

Mabibi na mabwana, kiharusi kilipomkuta, daktari aliandika kwenye faili neno afasia. Faili lilinipitia mkononi kama lile la kaka yangu, nami nikalifungua vilevile. Nikakata. A, bila. Fasia, usemi. Bila usemi. Hapo nimepatia, Mwalimu, daktari mwenyewe alithibitisha. Lakini bila usemi ni bila nini? Bila sauti? Bila maneno? Bila mawazo? Kipande hakisemi. Daktari alitueleza kwamba mtu anaweza kukosa maneno na akili ikabaki timamu, na kwamba kwa wengine hata kuelewa huondoka; kuhusu Mwalimu alisema tungoje tuone. Tumengoja. Tumeona nini? Ukimwuliza, "Unataka chai?" anaitikia kwa kichwa. Ukimwuliza, "Hutaki chai?" anaitikia vilevile. Wengine wakasema mmeona, haelewi. Lakini ninyi wenye lugha yenu, hebu niambieni, mtu akiulizwa "hutaki" akaitikia "ndiyo", amekosea nini?

Ijumaa ya wiki iliyopita tulikwenda kwake, mimi na Matroni na Mganga Mfawidhi, na bwana stoo akajiunga. Tulimkuta dirishani, boksi la glavu liko mezani. Nilimweleza habari ya chumba, polepole, mara mbili. Akavuta boksi kwa mkono wa kushoto. Akachambua kadi muda mrefu, mpaka bwana stoo akatazama saa. Akatia kitu kwenye bahasha, akaisukuma kwangu. Nikaifungua. Kadi mbili. HAI. PO.

Nikazishika pamoja, nikasoma kwa sauti: "Haipo."

Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Matroni akaruka, "Haipo! Sukari imeshuka!" Binti akaagizwa chai yenye vijiko vinne, kidole kikatobolewa, sukari ikapimwa, iko sawa. Mganga Mfawidhi akasema, "Ni presha imeshuka," akatoa kipimo mkobani, iko sawa. Niliporudi kazini nikamsimulia mpishi, akasema kwa uchungu, "Ni chumvi hiyo, haipo, nilimwambia binti asimlishe chakula chapwa." Dereva akasema, "Anauliza gari la kumpeleka mazoezi, maana kwa kweli haipo, ipo gereji." Na bwana stoo, ambaye namheshimu, akafurahi kuliko wote: "Haipo shida. Amesema chukueni chumba." Kila mtu alisikia kazi yake mwenyewe.

Na mimi? Mimi nilikwenda nyumbani nikazibandika kadi hizi mbili kwa gundi ya karatasi ili zisipotee. Hizi hapa, nimekuja nazo, mnaziona hata mlioko nyuma. Nimezitazama wiki nzima. Kama Mwalimu angekuwa anajisemea kwamba hayupo, angeandika "sipo". Kama angekuwa anamsema mtu mwingine, angeandika "hayupo". Bi Vipande hakosei ngeli. Amenikosoa mimi ngeli hata kwenye rambirambi. Basi haipo nini? Sauti haipo? Akili haipo? Nafasi yetu kwake haipo? Nilikosa usingizi, nikakosa jibu, mwishowe nikasalimu amri. Kwenye karatasi hii ya mwisho, niwe mkweli, nimeandika hivi: "Sauti ya Mwalimu haipo tena, bali mafunzo yake yapo." Mke wangu alisema ni maneno mazuri. Mshereheshaji alisema yatapigiwa makofi. Baada ya hapo ni kushukuru na kukaa.

Lakini sasa nimeinua kadi hizi, na Mwalimu anatikisa kichwa.

Binti, anatikisa kichwa, au ni kiti? Ni kichwa. Samahani, mheshimiwa, najua nimepewa dakika kumi na nimekula za watu wawili. Naomba moja.

Mwalimu, nikigeuza kadi hivi? Anatikisa. Nikiziinua juu? Anatikisa bado. Nimekosea. Hilo si geni. Nimekosea wapi?

Mkono wako wa kushoto, Mwalimu. Umeukunja tangu ulipoingia. Nilidhani ni ugonjwa. Nilidhani ni leso. Lakini ugonjwa ulikuwa wa mkono wa kulia. Miaka kumi na miwili unanifundisha kuuliza swali moja, na hata leo nilikuwa nakaribia kukaa bila kuliuliza.

Mwalimu, kuna kipande kingine?

Binti, usimsaidie. Mwacheni afungue mwenyewe.

Kipo. Kipo, ndugu zangu! Nashuka ngazi niichukue kadi. Imelowa jasho, wino umechujuka kidogo, lakini inasomeka. Ni ile ya somo la kwanza. NI.

Haya. NI, halafu HAI, halafu PO. Nihaipo. Hilo si neno. Mkiani je? Haiponi? Hapana, Mungu apishe mbali. Mwalimu, ngoja, usinikasirikie, ngoja. Hizi mbili zilipotoka kwenye bahasha zilikuwa zimeachana. Nani aliziunganisha? Gundi hii ni ya masjala. Nimezibandika mimi. Nimezibandika mimi mwenyewe, Ijumaa, mezani kwangu, halafu wiki nzima nauliza haipo nini.

Nazibandua. Vumilieni, gundi ya serikali ikishika imeshika. Hivi. HAI huku, peke yake. PO huku. Sasa NI nikiiweka mbele ya PO, halafu HAI ifuate.

Nipo hai.

Ndugu zangu, anaitikia kwa kichwa. Someni nami, nyote, wenye vyeo na wasio na vyeo: nipo hai. Hilo ndilo alilotuambia Ijumaa, nasi tukamnywesha chai.

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi, ulitaka kuonyeshwa. Naomba nimwulize hapa mbele ya mashahidi, tena kwa njia zote mbili, maana ninajifunza. Mwalimu, unataka darasa la Jumatano liendelee? Mmeona kichwa kilivyoitikia. Mwalimu, unataka tulifunge? Na sasa mmekiona kikikataa; hata mwakilishi wa mwakilishi amekiona. Bwana stoo, ndugu yangu, magodoro yatafutie pengine pa kulala.

Mwalimu wangu, mwanzoni nilikusalimu kama mtu anayesalimu picha ukutani, nikangoja kidogo tu, nikaendelea na yangu. Kaka yangu uliniachia akiwa hai kwa sababu uliona maganda ukauliza. Mimi nimekaa na ngumi yako mbele ya macho yangu asubuhi nzima sikuuliza. Nisamehe. Nitafanya mtihani mara ya nne, Jumatano, saa nane, nitakaa kwenye mizani. Shikamoo, Mwalimu.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza mimi. Sasa naomba tunyamaze, hata ikichukua muda, tumsikilize yeye.